Tarehe Iliyorudishwa Nyuma

Siku Shedrack alipokuja na kamera nilikuwa nimekaa kizingitini nachambua maharage ya makande. Jua lilikuwa limetoka baada ya wiki nzima ya ukungu. Siku ya kawaida kabisa, mwaka 2004. Kahawa ilikuwa imeshatutupa, bei imeanguka hadi watu wakaing'oa kwa hasira, na sasa kila mwenye jembe huku milimani kwetu, juu ya Same, alikuwa anapanda tangawizi kama vile ni dawa ya umaskini.

Shedrack ni mtoto wa marehemu kaka yangu. Alikuwa na kibanda cha kupiga picha kule Same, karibu na stendi, na nyumba huku kijijini alikomweka mkewe Lydia. Alikuwa kijana mwenye maneno. Mimi sikusoma, niliishia darasa la pili, lakini maneno matamu nayajua kwa harufu.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba. Umeleta nini, maana umesimama kama mchumba."

Akatoa kitu cha rangi ya fedha, kidogo kuliko kipande cha sabuni. Nikanyoosha mkono. Akakirudisha nyuma haraka.

"Shangazi, hiki si cha kushikwa na vidole vya maharage."

"Vidole hivi vilikupokea ulipozaliwa, na wewe ndiye uliyekuwa mchafu."

Akacheka, akanipa. Akanifundisha vyote, maana alipenda kuonekana anajua. Haina mkanda. Picha zinakaa kwenye kadi ndogo kama stempu. Lenzi haifutwi na kanga, inapulizwa vumbi kwanza, kisha kitambaa laini, kwa kuzungusha. Ukitoka kwenye baridi yetu ukashuka kwenye joto la Same, usiitoe kwenye mkoba mpaka izoee, la sivyo kioo kinatoka jasho. Nyumbani anailaza kwenye kopo lenye mchele mkavu, mchele unywe unyevu wa ukungu. Na ukiacha betri nje siku mbili tatu, inasahau leo ni tarehe ngapi. Inabidi uiambie.

"Na ukiidanganya?" nikauliza.

"Itaamini," akasema. "Itaandika hiyo hiyo pembeni ya kila picha."

Hayo maneno niliyasikia vizuri. Nataka uyakumbuke, kwa sababu mimi nilijifanya nimeyasahau.

Sasa nikwambie habari ya mpaka.

Shamba la Shedrack lilipakana na la mzee Tumainieli na mkewe Faustina. Katikati palikuwa na mstari wa masale. Kwa asiyejua, masale ni ule mmea wa majani marefu tunaoupanda mipakani. Ukipandwa na pande mbili kwa kiapo, hauhamishwi. Jani lake likifungwa fundo, ndilo linalopelekwa kuomba msamaha. Hata mlokole hakanyagi sale.

Huyo Tumainieli alikuwa fundi wa mipini. Hakuchonga mpini wa jembe kabla hajakusimamisha mbele yake akupime kwa jicho, toka unyayo mpaka kifuani, kwa sababu alisema mpini usiokutosha unakula mgongo. Akimaliza alikata alama tatu ndogo karibu na kichwa cha mpini. Nilipokuwa na miaka kumi na saba alinichongea mmoja. Mama yangu akaanza kuzungumza habari za mahari. Mwaka uliofuata Tumainieli akamwoa Faustina. Mpini ule niliufanya kuni, nikapikia maharage. Niliolewa na hasira yangu nikaishi nayo vizuri, hata nilipoolewa na mwingine.

Tumainieli alikufa masika ya mwaka 2001. Akazikwa shambani kwake, kama watu wanavyozikwa, hatua ishirini kutoka kwenye masale. Faustina alikuwa akipalilia kaburi lile kila Ijumaa.

Mwezi wa saba, mwaka ule ule wa kamera, nikipita njia ya juu asubuhi, nikaona masale yamehama. Mstari mzima. Ulikuwa umeruka kaburi, ukaenda kusimama karibu na jiko la Faustina. Udongo kwenye mashina ulikuwa mweusi, mbichi. Na Shedrack alikuwa mferejini ananawa mikono.

Hakusema kitu. Nami sikusema kitu. Jioni Lydia aliniletea kilo mbili za sukari.

Faustina akaenda kulia barazani. Katika baraza la kijiji tulikuwa watu saba, wanawake watatu, na mimi mmojawapo, kwa sababu ya ulimi wangu. Mwenyekiti alikuwa mzee Melkizedeki, mtu mwema, mzito wa kuelewa. Shedrack akaja amevaa shati jeupe, akatoa picha moja iliyochapwa rangi. Masale yamesimama pale yalipo sasa, nyuma yake ukuta wa jiko la Faustina. Kwenye pembe, kwa tarakimu nyekundu: 12 03 1999.

"Wazee wangu," akasema, "mwaka tisini na tisa mzee Tumainieli alikuwa hai, na mpaka ulikuwa hapo. Yeye mwenyewe alikubali. Binadamu anaweza kusema uongo. Mashine haina mjomba."

Melkizedeki akaigeuza picha, akaitazama hata nyuma. Kisha akanigeukia mimi.

"Mama Aminieli, wewe umeishika hiyo mashine. Hiyo tarehe inajiandika yenyewe?"

Watu wote wakanitazama. Faustina naye. Alikuwa amevaa kanga ya msiba, imepauka. Nikakumbuka mpini wangu niliouchoma kwa ajili yake.

"Inajiandika yenyewe," nikasema.

Ndivyo ilivyokwisha. Shamba likakatwa, na kaburi likawa upande wa Shedrack. Alisema wazi kwamba mvua za vuli zikianza atapanda tangawizi moja kwa moja, hawezi kuacha ardhi nzuri kwa ajili ya kifusi.

Faustina hakulia tena. Alisimama akauliza polepole, kama anayeuliza bei ya chumvi.

"Wazee, tarehe hiyo mume wangu alikuwa hai?"

"Alikuwa hai," akasema Melkizedeki.

"Mmeandika?"

"Tumeandika."

Akaenda mezani, akaweka kidole juu ya picha, pale kwenye tarakimu nyekundu.

"Basi kama siku hii ni ya kweli, naye yu hai ndani yake. Nani atamzuia kutoka aje kuangalia mpaka wake?"

Akaondoka. Pale alipoweka kidole palibaki unyevu. Melkizedeki aliufuta kwa kiganja. Kiganja kikatoka na udongo.

Wiki tatu baadaye nilishuka Same. Mgongo wangu ulikuwa umepinda tangu mwaka 2003, nilipoteleza na mzigo wa kuni, na daktari alitaka kuuona. Nikapita kibandani kwa Shedrack nipate maji ya kunywa. Kibanda kilikuwa kimefungwa. Jirani akanielekeza kwa fundi mmoja aitwaye Salimu, mtengenezaji wa redio na simu.

Nikawakuta wamekaa mbele ya kompyuta. Shedrack alikuwa amekonda.

"Shikamoo bibi," akasema Salimu. "Wewe ni mtu wake? Basi kaa uone."

Akanionyesha picha ya harusi. Bwana na bibi harusi uwanjani, vumbi la Same, jua kali. Nyuma yao kabisa, mbali, mstari wa masale. Kijani kibichi. Sasa wewe niambie, nani amepanda masale kwenye vumbi la Same?

Ya pili, picha ya kipaimara. Masale yako nyuma ya mgongo wa mtoto.

Ya tatu, picha ndogo ya dereva mmoja kwa ajili ya leseni, amekaa mbele ya kitambaa cha bluu ndani ya kibanda. Jani moja refu limelala begani kwake.

Pembeni ya kila picha: 12 03 1999.

"Nilidhani ni betri," Salimu akasema. "Nikaweka mpya. Nikarekebisha tarehe, ikakubali, nikapiga, ikarudi ile ile. Nikafuta kadi yote. Bado. Nikanunua kadi mpya, bado iko kwenye pakiti yake, nikaiweka mwenyewe, nikapiga ukuta wangu huu."

Akabonyeza. Ukuta wake, rangi ya chokaa, msumari na kalenda. Chini ya kalenda, masale. Majani yanadondosha maji.

"Bibi, hapa mvua haijanyesha tangu mwezi wa tano."

Mbele ya masale palikuwa na mtu. Ameinama, mgongo kwetu, anang'oa shina kulisogeza mbele. Amevaa koti la kijivu. Kwenye kiwiko kiraka cha bluu, kimeshonwa vibaya. Kiraka kile nilikuwa nikikicheka kanisani miaka yote, maana Faustina hajawahi kujua kushona.

Koti lile alizikwa nalo.

"Na kuna jambo jingine," Salimu akasema. Sauti yake ilikuwa imeshuka. Akaigeuza kamera, akaonyesha maandishi madogo chini ya tumbo lake. "Hii imetengenezwa mwaka jana. Mwaka tisini na tisa haikuwepo duniani. Nani aliiambia tisini na tisa?"

Shedrack akaangalia miguu yake. Mimi nikaangalia kalenda.

Salimu akaisukuma kamera mezani kwa ncha ya bisibisi, hakutaka kuigusa. "Ichukueni. Sitaki hela. Ondokeni nayo tu."

Nje nikamshika mkono Shedrack.

"Yarudishe masale usiku huu huu. Kisha funga jani fundo, umpelekee Faustina."

"Nimpigie magoti mjane?" akanong'ona. "Shangazi, nikikubali moja, baraza litaniuliza na mengine. Hata wewe watakuuliza."

Hapo alinishika pabaya. Nikamwachia mkono.

"Nitapanda nayo kijijini," akasema. "Nitapiga picha mpya pale pale mpakani, tarehe ya kweli. Mashine ikiona mpaka ulipo, itatulia."

Nikamwona mjinga. Lakini sikumkataza.

Kesho yake asubuhi, saa mbili, Lydia alikuja kwangu anakimbia, mtoto wao Nicolaus mgongoni. Ukungu ulikuwa umelala mpaka chini, huoni hata kitalu chako.

"Shangazi, baba Nicolaus alitoka alfajiri na kamera. Hajarudi. Nimemwita, haitiki."

Tukaenda. Njia naijua kwa miguu, lakini siku ile ilikuwa ndefu. Kabla hatujafika tukasikia jembe.

Lilikuwa linapiga vizuri. Taratibu. Mtu anayejua kulima.

Lydia akashusha pumzi. "Ni yeye. Analima."

Nikasimama. Nikamshika asiende.

"Sikiliza."

Jembe likapiga. Na jingine likaitika. Moja. La pili. Moja. La pili.

Majembe mawili.

Tukasogea. Hatua tano. Kumi. Ukungu ukafunguka kidogo. Jembe la pili likanyamaza.

Shedrack alikuwa peke yake. Miguu mitupu, matope hadi magotini, ingawa ardhi yote ilikuwa kavu. Nyuma yake masale yalikuwa yamerudi. Mstari mzima, mashina zaidi ya sitini, pale alipoyapanda Tumainieli kwa kiapo. Yamesimama wima kana kwamba hayajawahi kuguswa. Mizizi imeshika. Niliinama nikavuta moja. Halikutikisika.

Kaburi lilikuwa upande wa Faustina. Limepaliliwa.

"Baba Nicolaus," Lydia akaita.

Shedrack akamtazama. Akamtazama kwa adabu.

"Habari za asubuhi, dada. Unamtafuta nani?"

Mtoto mgongoni akanyoosha mikono kwa baba yake. Shedrack akatabasamu kama mtu anayetabasamia mtoto wa njiani.

Alimwoa Lydia mwaka 2001.

Akanigeukia mimi. "Shikamoo shangazi. Umeamka mapema." Kisha uso wake ukabadilika. "Mgongo wako umefanya nini? Jana ulikuwa umenyooka."

Nikaweka mkono mgongoni.

Akageuza kichwa pembeni, pale pasipokuwa na mtu. Akasikiliza.

"Ndiyo, mzee," akasema. "Ni shangazi."

Akasikiliza tena.

"Anasema karibu."

Nikaona jembe lake. Mpini ulikuwa mpya, mti mbichi, gome halijakauka. Unamfika kifuani barabara. Karibu na kichwa chake, alama tatu.

Kamera ilikuwa juu ya jiwe. Betri zimetolewa, zimepangwa pembeni, mbili. Kioo chake kilikuwa kinawaka.

Tumempeleka hospitali, wakasema mwili hauna kitu. Wachungaji wamemwekea mikono. Ndugu wengine, sitawataja, walimpeleka kwa mganga kule Kileo, na mganga alimwona mlangoni akafunga mlango. Kila alikopelekwa alirudi kwa miguu, akachukua jembe. Kila siku kwake ni tarehe kumi na mbili mwezi wa tatu. Ukimuuliza rais ni nani anakutajia yule wa wakati ule. Nywele zake hazijanyolewa tangu siku ile, na hazijaongezeka. Lydia alivumilia miezi minane, kisha akamchukua mtoto akarudi kwao. Simlaumu. Nani anaweza kuolewa na mtu ambaye hajakutana naye?

Analima shamba la Faustina. Masika, vuli, kiangazi. Watu wakasema Faustina amemfanya msukule. Melkizedeki akaenda kumuuliza.

"Mimi sikumwita huyu," Faustina akamjibu. "Nilimwita mume wangu. Kama mume wangu amejichukulia kibarua, kamuulizeni yeye."

Saa nne kila siku anampelekea uji. Vikombe viwili anaviweka juu ya jiwe. Nimejificha nikatazama. Shedrack anakunywa kimoja. Vyote viwili vinarudi vitupu.

Mwaka wa nne sasa. Kamera ninayo mimi, kwenye kopo la mchele, chini ya kitanda. Sijui kwa nini niliichukua. Labda nilitaka isije ikatoa siri kwa mtu mwingine.

Juma lililopita nilipita njia ya juu. Shedrack akaacha kulima, akaja mpaka kwenye masale. Hakuyavuka. Hayavuki kamwe.

"Shangazi," akanong'ona, "mzee anauliza."

"Anauliza nini?"

"Yule aliyesema inajiandika yenyewe, anakuja lini?"

Sikulala. Alfajiri nikakata jani la sale, nikalifunga fundo, nikaenda kwa Faustina. Mimi sijawahi kumpigia mtu magoti maishani. Magoti yangu yalilia kama mlango.

"Faustina, nilijua. Aliniambia mwenyewe kwamba mashine inaamini unachoiambia. Nilijua, na udongo mbichi niliuona."

Alikuwa anapepeta mahindi. Hakuacha.

"Na mimi nilijua kwamba umejua, Rahabu. Nilikutazama ukisema."

Akapokea jani. Akaliweka kwenye ungo, akaendelea kupepeta.

"Mimi nimesamehe," akasema. "Yeye simsemei."

Nikarudi nyumbani nikijidanganya kwamba limekwisha. Nilipika, nikala. Leo asubuhi nikafungua kopo ili niitupe ile kamera mferejini. Mchele wote umelowa. Umeanza kuchipua.

Nikafungua mlango nikaumwage nje.

Jembe limeegemea mwimo wa mlango. Mpini mpya, mbichi, alama tatu. Nimeusimamisha kando yangu. Unanifika kifuani, pale pale.

Mpini aliowahi kunichongea Tumainieli ulikuwa mrefu, wa msichana aliyenyooka. Huu ni mfupi. Huu ni wa kikongwe aliyepinda mgongo, na mgongo wangu umepinda mwaka wa pili baada ya yeye kuzikwa.

Amenipima lini?